MAZUNGUMZO YA JAMAA: Kasuku au Njiwa?

Juma lililopita tulipokea barua ya mwanafunzi wa upande wa Fataki, na kwa kuwa neno analouliza linawahusu wengi, tumeona vema kumjibu hapa mbele ya wasomaji wote. Anaandika kwamba mjomba wake, anayefanya biashara huko Mambasa, ameahidi kumletea kasuku mchanga iwapo atashinda mtihani wa mwisho wa mwaka. Mama yake hataki. Baba yake amenyamaza. Naye mwenyewe tangu aliposikia habari hiyo halali vizuri; amekwisha kutengeneza tundu la mianzi, tena amekwisha kuchagua maneno atakayomfundisha ndege wake. Anatuuliza mambo mawili: je, kufuga ndege ni kosa? Na kama si kosa, afanyeje ili ndege asife?

Tunamsifu kwa kuuliza kabla ndege hajafika. Wengi huuliza baadaye, wakati ndege amekwisha kunyonyoka manyoya na watoto wanalia.

Kwanza tuseme wazi: kufuga ndege si dhambi. Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu walipompeleka Mtoto Yesu hekaluni walitoa sadaka ya maskini, maana Sheria ya Musa iliwaruhusu wasioweza kununua mwanakondoo watoe hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na juu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi inasimuliwa kwamba siku moja alikutana na kijana aliyekuwa akienda sokoni kuuza hua aliowatega. Fransisko akamwomba ampe, akawachukua mpaka nyumbani, akawatengenezea viota, nao wakataga na kuzaa mbele ya mabruda kama kuku wa nyumbani. Lakini tuiangalie vizuri hadithi hii. Fransisko hakuwafungia. Aliwapa mahali pa kutagia, basi. Tutakumbuka jambo hilo mbele kidogo.

Furaha ya kufuga ndege ni kubwa, wala hatutaki kumficha kijana wetu. Mtoto mwenye ndege huamka mapema bila kuitwa. Hujifunza kuhurumia kiumbe kisichoweza kuomba maji kwa maneno. Na kasuku, kwa furaha, huwapita ndege wote. Huyu wa kwetu, wa kijivu mwenye mkia mwekundu, huiga kikohozi cha babu, mlango unaolia, mlio wa simu, na sauti ya mama akimwita mtoto, hata mtoto mwenyewe hudanganyika na kuitika. Tunamjua kasuku mmoja wa nyumba fulani mjini Bunia aliyefundishwa kuwaamkia wageni kwa kusema, “Tumsifu Yesu Kristu!” Na kama mgeni akichelewa, alijijibu mwenyewe, “Milele, Amina!” Jambo hilo lilipendeza watu wote. Kwa bahati mbaya dirisha lake lilielekea duka la pombe, na yale aliyoyasikia huko aliyashika vilevile bila kufundishwa na mtu. Siku moja katekisti alipobisha hodi, alipokea maamkio yote mawili, lile la kanisani na lile la dukani, moja baada ya jingine. Katekisti alicheka. Mama mwenye nyumba hakucheka.

Watu husema kasuku huiga tu, hana akili. Siku hizi wataalamu hawasemi hivyo tena. Mwaka 1977 mwanamke mmoja Mmarekani, Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa kijivu katika duka la ndege huko Chicago, akampa jina la Alex, akamfundisha kwa miaka 30. Alex alijua majina ya vitu zaidi ya 50, alitofautisha rangi saba, alihesabu hadi sita. Ukimwonyesha funguo mbili na kumwuliza zinatofautiana kwa nini, alijibu kama ni kwa rangi au kwa umbo. Alikufa tarehe 6 Septemba 2007, akiwa na miaka 31, na magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari za kifo chake. Tena mwaka 2020 wataalamu wengine walitangaza jaribio la ajabu. Waliwafundisha kasuku kutoa kipande cha chuma ili wapewe chakula. Kisha wakamnyima mmoja vipande, na jirani yake wakampa vingi, lakini yule mwenye vipande mlango wake wa kupokelea chakula wakaufunga. Kasuku yule, ambaye hakuwa na faida yoyote, alivichukua vipande vyake na kumpitishia mwenzake mmoja mmoja, ili mwenzake apate kula. Wanafunzi wanaonyimana kalamu darasani wasome mstari huu mara mbili.

Basi, mwanetu, tuulize sasa swali ambalo wewe hukuliuliza: ndege mwenye akili kiasi hiki mjomba wako anampata wapi?

Hampati kwenye vilima vya Djugu. Milima yenu ya nyasi na baridi si nchi ya kasuku. Anatoka msituni, upande wa Mambasa na Epulu ilipo Hifadhi ya Okapi iliyowekwa mwaka 1992, na mbele zaidi kuelekea Kisangani, na Maniema. Huko kasuku hukaa makundi makubwa, hulala pamoja juu ya miti mirefu, asubuhi huenda kutafuta ngazi za michikichi na matunda, jioni hurudi wakipiga kelele. Dume na jike wakishaoana kwa kawaida hawaachani. Hutaga katika tundu la mti, juu sana, mayai mawili hadi manne tu, na makinda hukaa humo karibu miezi mitatu kabla ya kuruka. Kuku akipoteza vifaranga atataga tena upesi. Kasuku sivyo. Huzaa kidogo, na hulea kwa muda mrefu.

Watu huwakamata kwa njia mbalimbali. Wengine hupanda mti na kuwatoa makinda katika tundu, na mara nyingine huukata mti wenyewe, na mti wenye tundu la kufaa huchukua miaka mingi mno kupatikana. Wengine humfunga kasuku mmoja juu ya tawi ili kilio chake kiwaite wenzake, na matawi ya kando yake wameyapaka ulimbo. Wale ndege huja kwa sababu wamemsikia mwenzao akilia. Huo ndio upendo wao, nao ndio mtego. Wakinaswa hung'olewa manyoya ya mabawa, hutiwa katika makasha wakiwa wamebanana, bila maji, na safari ni siku nyingi. Wachunguzi wamekadiria kwamba katika kasuku wanaokamatwa, theluthi moja hadi theluthi mbili hufa kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo ukimwona kasuku mmoja katika tundu, ujue kwamba nyuma yake yuko mwingine, labda wawili, waliotupwa njiani.

Tangu mwaka 1975 kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja walitolewa Afrika kwenda kuuzwa nchi za mbali. Ghana walikuwa wengi mno. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu miaka ya mwanzo ya 1990 walikuwa wamepungua kwa sehemu 90 hadi 99 katika kila 100. Mwaka huohuo wa 2016 mataifa yalikutana Johannesburg, yakakubaliana kwamba kasuku wa kijivu waliokamatwa porini wasiuzwe tena kutoka nchi hata nchi, na katazo hilo likaanza kushika mwezi wa Januari 2017. Na hapa kwetu Kongo iko sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile. Mchuuzi atakayekuambia kwamba kasuku ni kama kuku, ununue na uende zako, anakudanganya, na ukikamatwa hatakuwapo. Mwezi wa Aprili 2022 askari wa wanyama wa Uganda waliwakamata kasuku zaidi ya 100 katika wilaya ya Kisoro, waliokuwa wamevushwa kwa siri kutoka Kongo. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walipelekwa Entebbe watunzwe.

Tunajua mjomba wa kijana wetu si mwovu. Anampenda mpwawe na anataka kumtia moyo katika masomo. Lakini zawadi inayoanza kwa kukata mti na kuua ndege wawili si zawadi ya kufaa.

Lakini tuseme kasuku amekwisha kufika nyumbani, maana katika nyumba nyingi za Bunia na vijiji vyake wamo, na wengine wamekaa miaka 20. Wazazi walio nao wasikie taabu zake, ambazo mchuuzi hakuwaambia.

Taabu ya kwanza ni umri. Kasuku akitunzwa vizuri huishi miaka 40, hata 60. Mvulana wa miaka 14 akipewa kasuku mchanga leo, atakwenda shule ya juu, ataoa, atazaa, atapata wajukuu, na kasuku angalipo. Nani atamlisha kijana akienda kusoma Kisangani? Mara nyingi ni mama, yuleyule ambaye hakumtaka tangu mwanzo.

Taabu ya pili ni upweke, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Ndege aliyeumbwa kukaa katika kundi la mamia anawekwa peke yake ndani ya tundu asiloweza kunyosha mabawa. Mwanzoni hulia. Kisha hunyamaza, na watu hudhani amezoea. Kisha huanza kujing'oa manyoya, kifuani kwanza, baadaye mapajani, hata abaki ngozi tupu na kichwa tu chenye manyoya, kwa kuwa mdomo wake haukifiki. Wengine husema amelogwa, wengine humpaka mafuta. Hakulogwa. Pengine ana ugonjwa wa ngozi au chakula kibaya, lakini mara nyingi sana ni huzuni na uvivu wa kulazimishwa.

Taabu ya tatu ni chakula na hewa. Tumeona kasuku wanaolishwa wali, mkate na chai ya sukari, kwa sababu ndiyo wanayokula watu. Ndege wa namna hiyo hunenepa, hudhoofika, hufa, na hakuna ajuaye kwa nini. Apewe mahindi mabichi, ngazi, karanga chache zisizo na chumvi wala ukungu, mboga za majani, papai, ndizi, na maji safi kila siku. Asipewe avoka kamwe. Tunda hili linalotufaa sisi ni sumu kwake. Wala tundu lisitundikwe jikoni. Mapafu ya ndege ni dhaifu kuliko yetu, na moshi wa kuni unaomtoa mama machozi humwua kasuku polepole. Na ninyi mnaokaa kwenye baridi ya Fataki, usiku mfunike kwa kitambaa na mwondoe penye upepo.

Iko na taabu ya nne, inayowahusu watu wenyewe. Kasuku aweza kuwa na homa inayoambukizwa kwa vumbi la mavi yake yaliyokauka na la manyoya. Katika mwaka 1929 na 1930 homa hiyo ilienea Ulaya na Amerika kwa njia ya kasuku waliouzwa madukani, ikaua watu. Dalili zake ni homa kali, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, na mganga akiona hayo katika nchi yetu atafikiri kwanza malaria. Kwa hiyo anayefuga ndege, akiugua hivyo, amwambie mganga, “Nyumbani nina kasuku.” Iko dawa ya kuponya, ikitolewa mapema. Tundu lisafishwe kila siku, lilowanishwe maji kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto wasile chakula kilichotoka mdomoni mwa ndege, hata kama inachekesha.

Wazazi watauliza: basi tumfungulie aende zake? Hapana, msifanye hivyo. Kasuku wa miaka 20 katika tundu hajui kutafuta chakula, hana kundi, na mabawa yake hayana nguvu. Akifunguliwa Fataki, baridi na mwewe vitammaliza kabla ya juma kwisha. Kumfungulia namna hiyo ni kujiondolea mzigo kwa jina la huruma. Mtunzeni vizuri, mpeni tundu kubwa, mtoeni nje kila siku mbele ya macho ya watu, ongeeni naye, mpeni vijiti vya kutafuna. Walio upande wa Kivu wanaweza kuuliza Lwiro, karibu na Bukavu, ambako kiko kituo cha kuwatunza nyani walionyang'anywa wachuuzi, na kasuku vilevile hupokelewa hapo. Lakini mwingine wa pili msinunue, hata kwa kusudi la kumpatia wa kwanza mwenzi.

Mfano mzuri wa kutengeneza jambo lililoharibika tunauona Rwanda. Huko walikuwa wakifuga korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi. Aliwekwa katika bustani za hoteli na za nyumba za wakubwa, bawa limekatwa au kuvunjwa, ili awe pambo. Porini wakazidi kupungua. Kuanzia mwaka 2014 mganga wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake walifanya kazi pamoja na Serikali ya Rwanda: wenye korongo waliombwa kuwaandikisha bila kutozwa faini, ndege wakapimwa, wenye nguvu wakapelekwa katika mbuga ya Akagera wajifunze tena kuishi porini. Wale ambao mabawa yao hayatapona wakapewa makao katika kinamasi kilichotengenezwa Kigali, nako kunaitwa Umusambi Village. Korongo hao bado wanacheza ngoma yao ya kuinama na kuruka, ila hawaruki juu kuliko magoti ya mtu.

Sasa tumrudie kijana wetu, maana hatutaki kumwacha na tundu tupu. Tunamshauri afuge njiwa.

Tunajua atakunja uso. Njiwa hasemi. Lakini asubiri tumwambie. Njiwa hahitaji kufungwa. Huondoka asubuhi na kurudi jioni kwa hiari yake, kama vile hua wa Mtakatifu Fransisko walivyokaa bila kufungiwa. Hana haja ya kukamatwa msituni, maana amekaa na watu tangu zamani za kale. Jozi moja itanunuliwa kwa jirani kwa fedha kidogo. Jike hutaga mayai mawili, na wote wawili huyaatamia kwa zamu kwa siku 17 au 18: mchana hukaa baba, usiku hukaa mama. Makinda yakitoka, wazazi wote wawili huyalisha uji mweupe unaofanyika kooni mwao wenyewe. Ndiyo, baba pia hutoa maziwa hayo. Tumewahi kuwaeleza wanaume jambo hili katika mkutano wa wazazi, nao walikataa kuamini mpaka mmoja mwenye njiwa aliposimama na kusema ameona. Baada ya majuma manne au matano makinda huwa tayari kuruka, na mara nyingi mama amekwisha kutaga tena.

Nyumba yao iwe juu ya nguzo, kimo cha mtu mzima na zaidi, na nguzo hiyo izungushiwe bati laini, kwa sababu nyoka, kanu na kicheche hupanda usiku. Kila jozi iwe na vyumba viwili, kwani mama hutaga katika kimoja wakati makinda bado yako katika kingine. Mlango utazame upande usiopigwa na mvua. Mjomba, kama anasoma gazeti hili, anaweza kuleta mbao badala ya kasuku. Mambasa mbao hazikosekani. Ndani kuwe na vijiti vikavu wajengee. Walishwe mtama, ulezi na mahindi yaliyovunjwa, asubuhi kidogo na jioni kidogo, na wasagiwe maganda ya mayai ili mayai yao yawe na nguvu. Kila juma mavi yaondolewe, nayo ni mbolea kali ya kufaa kwa kabichi, ikiachwa kwanza ioze.

Taabu ziko, tusidanganyane. Mwewe atachukua mmoja mchana kweupe, na huna la kufanya. Kideri kikiingia kwa kuku wa kijiji, njiwa nao hupatwa: utamwona amepinda shingo, anazunguka, anakosa punje anayoidonoa. Mtenge mara moja, na ulize kwa mganga wa mifugo habari za chanjo ya kuku wa nyumbani, kwani ugonjwa hauheshimu ua. Kisha kuna jirani. Njiwa 20 wakishuka katika shamba lililopandwa ulezi leo, jirani hatafikiri habari za Mtakatifu Fransisko. Wakati wa kupanda, wafungie njiwa kwa siku chache, na mpelekee jirani makinda mawili kabla hajaja kulalamika. Wala usiache hesabu ikupite: jozi nne zatosha mwanafunzi. Wengine waliwapenda njiwa kupita kiasi. Huko Ubelgiji, ambako mashindano ya njiwa ni mchezo wa kale, njiwa jike mmoja aliuzwa mwezi wa Novemba 2020 kwa euro milioni 1.6. Katekismu ya Kanisa inafundisha kwamba ni halali kuwapenda wanyama, na kwamba kuwatesa bure ni kinyume cha heshima ya binadamu; lakini inakataza pia kuwapa upendo unaowapasa watu tu, au kutumia juu yao fedha iliyopasa kwanza kuondoa taabu za watu. Ikiwa ada ya dada yako haijalipwa, njiwa wale waliozidi wapelekwe sokoni.

Liko jambo moja la mwisho, na tunaliandika kwa sababu ya nchi anayokaa kijana huyu. Kasuku hushika mtu. Mchukue Bunia, mchukue Kampala, akiwa na mtu wake ametulia. Mtenge na mtu huyo, ataugua. Njiwa hushika mahali. Watu wa Fataki na wa Djugu nzima wanajua maana ya kuhama. Walikimbia katika vita vya mwaka 2003, na tangu mwezi wa Desemba 2017 wakakimbia tena, wengi wakienda Bunia, wengine wakivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi mpaka Uganda. Katika saa kama hiyo hakuna anayeuliza habari za ndege. Mtoto kwanza, mzee, mgonjwa, kisha unga na sufuria. Hata hivyo wako waliotia jozi moja katika kikapu, kwa kuwa mtoto alikataa kuondoka bila hiyo, wala hatuwalaumu.

Tumesimuliwa na mzazi mmoja aliyekaa kambini kwamba siku ya tatu walifungua kikapu, wakidhani njiwa wamekwisha kuzoea. Wale ndege walipanda juu, wakazunguka mara mbili juu ya maturubai, kisha wakashika njia ya kaskazini, kuelekea nyumba ambayo haikuwa na mtu. Mtoto aliuliza kama Fataki kumekwisha kuwa salama, kwa sababu njiwa wamerudi. Mzazi hakupata la kumjibu.

Kwa ajili ya wazazi wa namna hiyo tunaandika shauri hili. Mkilazimika kuhama na njiwa, msiwafungue upesi. Wakubwa wafungeni majuma sita na zaidi, na hata hapo msiwaamini, kwa maana wengine hawasahau. Wapeni nafasi ya kutaga humo ndani, walisheni vizuri, na mngoje makinda yaote manyoya. Makinda yale hayajui Fataki. Wao ndio mtakaowafungulia mlango, jioni, saa moja kabla ya jua kutua, wakiwa na njaa kidogo, na mtama ukiwa umemwagwa chini mahali watakapouona.